Firigisi ya Mwalimu Nekesa

Hata leo nikisikia harufu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe, mimi sizibi pua. Naona darasa letu la sita, nje kidogo ya mji wa Kitale, sakafu yake ya udongo inang'aa kwa unyevu. Kila Ijumaa tulikuja na kinyesi kwenye ndoo, na mama zetu wakaja kutusaidia kusiriba, ili vumbi litulie na funza wasitule vidole.

Elimu ilikuwa imefanywa bure na darasa limefurika. Dawati moja tulikaliana kama mahindi guniani. Mwalimu Nekesa, aliyetoka Kimilili, alikuwa amekata tamaa. Aliingia, akaandika ubaoni nambari ya ukurasa, akatoka. Tulisikia ameomba uhamisho arudi kwao Bungoma. Mwalimu mwingine hakuwepo.

Ijumaa moja mama aliyaona hayo. Jioni akamwambia baba, "Madam amechoka."

"Anachoka na nini? Si anakaa tu kwa kivuli?"

"Baba Nafula, hata wewe ungelima shamba kama hakuna mtu anauliza mahindi imeotaje?"

Jumapili baba akachinja jogoo, akamwalika mwalimu.

Kwetu sisi Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba. Bibi yangu alizeeka bila kuonja hata kuku mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Sisi watoto tulikuwa tukiitazama firigisi ya baba kama watu wanavyotazama mwezi. Siku hiyo aliichukua kwenye sahani yake, akaiweka kwenye ya Mwalimu Nekesa. Nilisahau kutafuna.

"Baba Nafula, mimi ni mwanamke," mwalimu akasema polepole.

"Najua. Na si ni wewe unanifundishia watoto? Kula, madam, kabla ipoe."

Alikula akiwa ameinamisha kichwa. Baba akaguguna shingo.

Ijumaa iliyofuata tulimaliza kusiriba, tukajua tutacheza nje mpaka sakafu ikauke. Mwalimu akatuita ndani, miguu mitupu, tusimame kandokando ya kuta. Akapiga magoti katikati na kuanza kuchora kwa kidole kwenye ule ubichi: Mlima Elgon, Kitale, mto Nzoia ukishuka, kijito cha kwao Kimilili kikija kuungana nao. Kisha akamimina maji kutoka kwenye kikombe. Maji yakatembea. Yakapita kwetu, yakapinda, yakaelekea Bungoma, na darasa lile lililojaa kelele siku zote likabana pumzi.

Wekesa, mtundu wetu, ndiye aliyethubutu. "Madam, ati unaenda kwenu?"

Alitazama ramani, kidole kimejaa kinyesi. "Tumalize mto kwanza," akasema.

Alikaa nasi hadi tulipofanya mtihani wa darasa la nane.

Kwa miaka mingi niliamini firigisi ilikuwa na dawa. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba mto ule ulikuwa ndani ya mwalimu muda wote, hata siku zile za nambari za ukurasa. Nilipomuuliza baba kwa nini alimpa, alicheka.

"Firigisi ni kitu kidogo, mama," akaniambia. "Lakini mtu akipewa, anajua ameonekana."