Mahindi Mlangoni kwa Oliver

Ungemuuliza Sylvanus Masinde wa Mautuma kama anampenda mwanawe, angekutazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe wake ana kwato. Baba yake mwenyewe hakuwahi kumwambia neno hilo, naye hakuona aliyekufa kwa kukosa kuambiwa. Lakini waulize majirani ni nani aliyekuwa akimchemshia Oliver maji ya kuoga alfajiri za shule, huku mama yake, Pascalia, akikamua ng'ombe. Ni nani aliyemkata kucha kila Jumapili kabla ya kanisa, akimshika kidole kimoja kimoja kama yai. Wanaume wenzake walimcheka. Aliwaacha wacheke, akaendelea kukata.

Kisha Oliver akatahiriwa, akajenga isimba yake, kile kibanda cha kijana pembeni mwa boma, na mambo yakabadilika. Kwetu baba haingii isimba ya mwanawe. Ni mwiko, na Masinde ni mtu wa kushika miko. Tangu hapo akawa anamsalimia kutoka uani, na mapenzi yale yote yakakosa pa kupitia.

Mwaka huu, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yamevunwa, duka la Oliver la kutengeneza simu mjini Kakamega liliungua, haukubaki hata msumari wa maana. Kijana akarudi nyumbani, akaingia isimba, akafunga mlango. Pascalia alimpelekea obusuma, ugali wetu, na mboga, akarudi navyo vimepoa. Siku zikapita, kijana akawa wa kunywa maji tu.

"Mwachie nafasi, ni mwanaume huyo," jirani yao Nehemiah alishauri. "Itaisha yenyewe."

 Masinde aliwahi kumsaidia rafiki yake kumzika mwana aliyejifungia vivyo hivyo, na watu walikuwa wamesema maneno hayo hayo. Alikuwa na hofu, hofu ya kumnyima usingizi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa amefungiwa nje na mila yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alibeba gunia la mahindi, beseni na kigoda, akaketi nje ya isimba, chini ya dirisha, akaanza kupukuchua. Kubembeleza hakukujua, kwa hiyo alisema aliyoyajua. Yule ng'ombe mwekundu amekataa majani makavu, anajiona bibi harusi. Kuku wa mama yako alitaga ndani ya kofia yangu, na mimi nikaivaa. Mlango ukabaki umefungwa. Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Nehemiah akipita aliuliza kama siku hizi mahindi hayapukuchuki bila kuhubiriwa.

Alasiri moja mvua kubwa ikashuka. Masinde alilifunika gunia kwa koti lake, akarudi kuketi kigodani, maji yakimtiririka shingoni. Mlango ukafunguka kidogo.

"Baba, unanyeshewa," Oliver alisema. "Ingia."

Masinde akasimama. Aliutazama ule mlango kwa hamu ya miaka yote ile, na mguu mmoja ukataka kwenda wenyewe. Akaurudisha.

"Siingiangi hapo, unajua."

"Basi enda kwa nyumba."

"Kwa nyumba wewe hauko."

Mvua ilinyesha. Masinde akaketi tena kigodani.

"Nimewaaibisha, baba," Oliver alisema. "Kila kitu kiliisha."

"Mimi sikuzaa duka. Nilizaa wewe."

Oliver akatoka. Alikuwa miguu mitupu, amekonda, ndevu zimemvamia usoni, na mzee alipomwona moyo ulimuuma hata akageuza macho. Kijana akaketi chini kwenye matope, kando ya kigoda cha baba yake, akachukua hindi moja guniani, akaanza kupukuchua.  Walipukuchua pamoja huku wakilowa, watu wazima wawili, kazi ambayo hakuna mwenye akili timamu angeifanya kwenye mvua.

Beseni lilipokaribia kujaa nusu mahindi na nusu maji, Oliver alisema, bila kuinua kichwa, "Baba, nasikia njaa."

Masinde akalia pale pale, wala hakujificha. Kisha akainuka, akaenda jikoni kumpakulia mwenyewe.