Sauti ya Mama Mkwe Ndani ya Gari

Nilifutwa kazi ya redio Jumatatu, na kufikia Ijumaa nilikuwa nimekataliwa na mashine.

Kwa miaka ishirini na miwili nilisoma habari na matangazo ya vifo kwa Kijaluo katika kituo kidogo cha redio hapa Kisumu. Halafu mwenye kituo akaona kwamba watu hawangoji tena habari za saa moja. Wanazipata kwenye simu wakiwa bado kitandani. Akanunua kompyuta inayopiga muziki yenyewe, akatuaga sisi watangazaji watatu kwa keki. Keki ilikuwa tamu, siwezi kumsingizia.

Wiki hiyo hiyo rafiki yangu wa zamani wa studio akanipigia simu. Kuna watu wamefungua ofisi ghorofa ya tatu, karibu na stendi ya mabasi, wanatafuta sauti za Kijaluo. Wanaifundisha simu ielewe lugha yetu, ili mtu aongee tu nayo iandike. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mwenye bodaboda akasimama kuniuliza kama ninahitaji kupelekwa mahali. Sauti za Kijaluo! Nani mwingine kama si mimi?

Msimamizi wa ofisi alikuwa dada ambaye hata miaka thelathini hajafika. Alinipa sentensi za kusoma. Nikakohoa kidogo, nikashusha sauti mpaka kifuani, nikasoma. Alivua vile vidude vya masikioni, akaniangalia kwa huruma.

"Mzee, unasoma kama mtu amekufa."

"Hii ni sentensi ya kuagiza chai."

"Ndiyo. Na nimeogopa kuinywa."

Sauti iliyolisha watoto wangu miaka yote hiyo haikufaa. Mashine, alisema, inataka watu wanaoongea kama wanavyoongea. Na zaidi ya yote walikosa akina mama wazee. Vijana walikuwa wamejaa tele, na kila mmoja wao alikuwa akichanganya Kiingereza katikati ya sentensi.

"Niletee nyanya mmoja mwenye Kijaluo safi," akasema, "nitakupa kazi ya kukusanya sauti."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu akichambua omena, dagaa wa ziwa letu. Nikamweleza. Hakuinua hata kichwa.

"Mama," akasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Kuna nyanya mwingine unayemjua anayeweza kuongea kutoka Ahero hadi Busia bila kumeza mate?"

Nikakaa chini. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sikuwahi kumshika mkono mama yule, sikuwahi kumtazama usoni zaidi ya nusu dakika, wala kula mbele yake. Salamu zetu zilipita kwa mke wangu kama barua zinavyopita posta. Sasa ninatakiwa nimwekee maikrofoni mdomoni?

Tulienda kwake Ahero Jumanne iliyofuata, kwa gari nililoazima kwa shemeji yangu. Mama mkwe alipoambiwa kwamba simu inataka kujifunza Kijaluo kutoka kwake, aliuliza jambo moja tu: "Imechelewa hivyo kwa nini?"

Shida ilikuwa kelele. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na kila shamba lilikuwa na watu wa kufukuza ndege, wakipiga madebe na kupiga mayowe kutoka asubuhi. Ndani ya nyumba, mabati yaliongeza kelele zake. Jikoni kulikuwa na jogoo asiyejua saa. Tulijaribu kila mahali, na kila mara kinasa sauti kilileta debe, jogoo, debe.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Gari."

Ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, palikuwa kimya kama kanisani Jumatatu. Mama mkwe alikataa kiti cha nyuma. "Nikipanda gari lisilokwenda popote, angalau nikae kwenye usukani." Akaketi kwa dereva, akarekebisha kitambaa chake, akashika usukani kwa mikono miwili. Nilipitisha waya wa maikrofoni kwenye ufa wa dirisha, tukaziba ufa kwa taulo, nami nikabaki nje na kinasa sauti juu ya boneti, vidude masikioni. Desturi ilikuwa salama. Kioo kilikuwa kati yetu.

Kwa kuwa macho yake hayasomi herufi ndogo za simu, niliandika sentensi kubwa kubwa kwenye vipande vya katoni. Nikawa ninainua katoni juu ya kichwa huku nikitazama ardhi kwa heshima. Majirani walikuja kutazama. Mwanamume mzima amesimama juani, ameinamisha kichwa, analionyesha gari katoni! Ya kwanza niliinua juu chini, chini juu, naye akaisubiri kwa subira mpaka mke wangu akanigeuzia.

Sentensi zenyewe zilikuwa zimetafsiriwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuwa na njaa kwa Kijaluo.

"'Tafadhali punguza mwanga wa sebule,'" alisoma mama mkwe, kisha akageukia maikrofoni kana kwamba mtu yumo ndani yake. "Nani anaongea hivi? Taa unaizima au unaiwasha. Wewe mwanangu, ukitaka giza sema giza."

Akazirekebisha zote. Kila baada ya muda mfupi tulifungua mlango apate hewa, maana joto la uwanda huu wa Kano ndani ya gari lililofungwa si mchezo. Mke wangu alimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Mama akanywa maji, akasema, "Funga. Bado haijajua kitu."

Katoni ya mwisho haikuwa sentensi. Iliandikwa: Eleza kuhusu mtu mmoja wa familia yako. Mke wangu alikuwa amekwenda kuongeza maji. Mama mkwe akafikiri, akalaza mikono kwenye usukani, akaanza.

"Nitasema juu ya mkwe wangu."

Nikaganda. Sidhani alijua kwamba vile vidude masikioni mwangu vilinileta ndani ya gari pamoja naye.

"Alipokuja hapa mara ya kwanza alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Nikamwambia dada yangu, huyu mtoto atapeperuka. Lakini alikuwa anasoma redio. Basi nikanunua redio. Kila asubuhi nilikuwa namsikiliza. Habari sijali, ni za serikali. Nasikiliza kama amekula. Akiwa na njaa anasoma mbio. Akiwa amegombana na binti yangu anasoma polepole sana, maskini, kama anayevuka mto uliofurika. Siku moja alikuwa na kikohozi, nikampigia binti yangu, nikamwambia mpe tangawizi, na usimwambie ni mimi."

Nikakumbuka ile tangawizi. Kikombe kizima, mke wangu amesimama mlangoni mpaka nimalize. Machozi yalinijia, na kabla hayajafika kicheko kikayapita. Nilicheka nikashika boneti. Gari likatikisika. Mama mkwe akainua macho, akaniona kupitia kioo, akaona nyaya zinazotoka masikioni mwangu, akazifuata kwa macho mpaka kwenye kinasa sauti, mpaka kwenye taulo, mpaka kwenye maikrofoni iliyokuwa mbele ya midomo yake.

Akafunika uso kwa kitambaa. Nikajua nimeharibu kila kitu.

Kisha mabega yake yakaanza kuruka. Akacheka mpaka akaangukia usukani, na honi ikalia, ndefu, ikavuka mashamba yote. Ndege wakaruka kwa pamoja kutoka kwenye mpunga kama blanketi linalokung'utwa. Mfukuza ndege wa shamba la jirani akashusha debe lake, akapaza sauti: "Mama, rudia tena!"

Mke wangu alirudi na maji akatukuta tunacheka, mimi nje na mamake ndani. Akasema hakuwahi kufikiria ataona siku hiyo.

"Ora," mama mkwe aliniita baadaye, akitumia lile neno la Kijaluo la kumwita mkwe, tena akaniambia mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Wasifute hiyo."

Hawakufuta. Dada wa ofisini aliisikiliza mara tatu na kusema hicho ndicho walichokuwa wanatafuta, honi na yote. Nikapewa kazi ya kukusanya sauti. Mama mkwe naye akapewa kazi ya kukagua sentensi, na sasa zikija zenye sebule na mwanga wake anazirudisha na maelezo marefu ya sauti. Kwa hiyo ukiniuliza bosi wangu ni nani, nitajibu, lakini kwa heshima.

Nilimuuliza mama mkwe kama haogopi mashine itatunyang'anya kazi ikishajua kila kitu, kama ile kompyuta ilivyoninyang'anya yangu. Nilimuuliza kwa dhati, kwa sababu wazo hilo bado linanijia. Akafikiri.

"Labda," akasema. "Lakini mimi nimelalamikia mfereji wetu wa maji tangu binti yangu hajaolewa, na barua za Kiingereza sijui kuandika. Ikijua kuniandikia, tutaona nani atakosa usingizi."

Mwezi uliopita walituita ofisini kujaribu kazi yetu. Mama mkwe alikuja na akina mama wenzake wanne kutoka Ahero, wote wamevaa nguo za Jumapili. Kwenye lifti walishikana mikono, na ilipoanza kupanda wote walisema "Yawa!", yaani jamani, kwa sauti moja. Walipofika juu waliomba warudishwe chini wapande tena. Tulipanda mara tatu.

Ofisini dada akaweka simu mezani. "Mama, sema lolote."

Mama mkwe akaisogelea, akasema kwa Kijaluo, taratibu, kwamba maji ya mfereji hayajafika shambani kwake na kwamba anataka kujua ni nani anayeyafungulia upande mwingine. Maneno yakaanza kutokea kwenye kioo, moja moja. Nikayasoma kwa sauti, kwa sauti yangu ya kawaida. Yote yalikuwa sawa, ila moja: badala ya neno letu la mfereji, simu iliandika lile la mchumba.

"Mchumba wangu hajafika shambani!" mmoja wa wale akina mama akadakia, akapiga makofi, na kigelegele cha kwanza kikatoka. Wa pili akamjibu. Mama mkwe alirudia neno mfereji kwa simu mara mbili, kama mwalimu, kisha naye akashindwa, akajiunga nao. Dada wa ofisini alicheka huku akikimbilia kufunga madirisha, maana watu wa stendi walikuwa wameanza kuinua vichwa na kuuliza ni nani ameolewa.