Nilipokea Taazia ya Mkwe Wangu, Naye Yu Hai

Umewahi kupewa mkono wa taazia kwa mtu ambaye yuko chumba cha pili, yu hai, anakunywa uji?

Mie nimepewa. Na nikaupokea.

Nisome mpaka mwisho ndipo unihukumu. Nina wajukuu kumi na wanne na hakuna hata mmoja niliyemhadithia haya. Nayaandika humu kwa kuwa humu hamnioni uso.

Ilikuwa mwaka 1960, kijiji cha Chokocho, msimu wa karafuu. Jina langu Mwanapili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Msellem, na tulikaa nyumba moja na mama yake, Bi Mwanawema.

Bi Mwanawema alikuwa mwanamke wa stara mpaka watu wakimtolea mfano. Kwenda kisimani tu, hatua arubaini, alijitanda kanga mbili, ukaona macho na vidole basi.

Kisha akili ikaanza kumtoka.

Mwanzo tulikuwa tukicheka. Anatia chumvi kwenye chai. Anaficha viatu vya Msellem ndani ya mtungi. Anamwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe, anamuuliza mbona leo kachelewa shamba.

Baadaye kicheko kikakatika.

Alinipiga mwiko wa kisogo nikaona vimulimuli. Alimtupia Msellem mchi ukampata ugokoni. Lakini wakati wa kukogeshwa ndio alikuwa anawaka hasa. Mkono wangu wa kushoto una kovu la meno yake mpaka leo. Meno manne, utayahesabu.

Na alikuwa na neno lake moja.

"Wezi wa nguo hao. Wezi wa nguo."

Sisi tukasema anapayuka.

Tulianza kwa shehe. Akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaziosha kwa maji ili mgonjwa anywe. Kombe la siku ya kwanza alikunywa, akalala vizuri. La siku ya pili alimvurumishia shehe, kofia ikaruka.

Shehe akaokota kofia yake taratibu. "Nitamuombea nikiwa kwangu," akasema.

Tukaenda kwa mganga, Mzee Kificho, kijiji cha mbali. Huyo hakuchelewa.

"Ana pepo, na pepo wake hapendi maji. Ndio maana mkimkogesha anakuja juu."

Niambie wewe, ungekataa? Ilikuwa kweli anakuja juu kwenye maji.

Tukachinja beberu mweusi. Ngoma ikapigwa huko kwake siku tatu, ubani unafuka. Siku ya tatu mganga akamuuliza pepo, kama inavyoulizwa, mgonjwa ndiye kiti chake:

"Umekuja kwa kiti chako, tumekukaribisha. Sema unataka nini, tukupe."

Bi Mwanawema akamtazama. Akasema polepole, "Nataka nguo yangu."

"Mmesikia?" mganga akatugeukia. "Pepo anataka nguo."

Basi tukanunua kitambaa chekundu, cheupe na cheusi, tukavipeleka mzimuni, tukavifunga juu ya jiwe.

Yeye alisema, kwa mdomo wake, mbele ya watu thalathini wa huko. Na sisi tukalivisha jiwe.

Likabaki la hospitali. Alfajiri, kabla majirani hawajaamka, tukampeleka mji wa Chake, tukafikia mtaa wa Tibirinzi kwa shangazi yake Msellem. Ndani ya gari alimvuta ndevu abiria mmoja hadi Bi Mwanawema mwenyewe akachoka.

Daktari alikuwa mtu mpole. Akampima, akamuuliza leo siku gani, akamuuliza ana watoto wangapi. Kisha akamwambia Msellem:

"Bwana, haya ni maradhi ya uzee, akili imechakaa. Sindano yake mie sina. Unguja kuna hospitali yenye watu waliosomea haya. Nakuandikia barua."

Msellem akaitia barua mfukoni mwa kanzu. Meli ilikuwa Jumamosi. Alipokwenda kuulizia nafasi, mtu mmoja wa bandarini akamwambia mgonjwa mkali hapandishwi mpaka afungwe mikono.

Aliporudi tukarejea Chokocho kungoja siku, naye akakaa ukumbini kwetu.

"Nimfunge mama yangu kamba, Mwanapili? Kama beberu yule?"

Akaitoa barua, akaikunjua, akaikunja tena.

"Tukimpata mtu wa kumtuliza kabla ya Jumamosi, haendi. Tukimkosa, Mungu anisamehe."

Kinywani nilisema inshallah. Moyoni nilikuwa nishamfungia kibegi chake.

Na kuna jingine lazima niliungame hapa. Miezi miwili ile ya kutafuta dawa nilimficha. Majirani wakiuliza, nasema ana homa kidogo, kalala. Niliona aibu waseme nimeolewa nyumba ya wazimu. Akipiga kelele, nachukua mchi natwanga kinu kitupu ili sauti yake isisikike.

Jirani yangu Bi Hija akawa ananitania ukutani. "We Mwanapili, nyinyi mnakula nini humo? Mbona mnatwanga mchana kutwa?"

Nacheka. Naendelea kutwanga.

Alhamisi, siku mbili kabla ya meli, nilikuwa kisimani. Akaja Bi Mwatum.

Huyu ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike, Chokocho nzima. Mwanamke mrefu, mkimya, kucha amezikata fupi. Akaniona nafunua kidonda.

"Nani kakung'ata?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Pengine kwa sababu mtu wa kazi ile hana la kushangaa. Nikamweleza yote.

"Mnamkogesha vipi?"

"Namkalisha uani kwenye kibao, namvua, namshika, namwagia."

"Unamvua?"

"Atakogaje na nguo, Bi Mwatum?"

Akateka maji yake kwanza, ndoo ikajaa.

"Mwanangu, mie maiti simvui mpaka nimfunike. Haoni, hasikii, hajui kitu, na bado mkono wangu unapita chini ya shuka. Wewe unamvua mtu mwenye macho, uani, jua linawaka?"

Nikatazama chini.

"Nitakuja leo baada ya adhuhuri," akasema.

Nikaona balaa. Mwosha maiti aingie nyumba yenye mtu hai? Nikamwomba apite mlango wa uani.

"Nyumba za watu naingia kwa mlango wa mbele," akanijibu. "Sijaiba."

Akaja kweli. Kikapu chake mkononi, shuka jeupe limekunjwa juu, sabuni, kata yake mwenyewe ya kutekea maji. Karafuu maiti ya kutilia sanda tu ndiyo aliyoiacha kwake. Akapiga hodi kwa sauti, akaingia.

Bi Hija alikuwa kibarazani kwake anachambua karafuu. Mikono ikasimama.

Sasa wewe jiweke mahali pake. Bi Mwanawema hajaonekana miezi miwili, anaambiwa ana homa. Leo kinu hakitwangwi. Na Bi Mwatum kaingia na kikapu.

Kwetu msibani hapewi mtu mwaliko. Wala huulizi mlangoni nani kafa, ni adabu mbaya. Ukishaona, unajitanda unakwenda.

Chumbani, Bi Mwatum alimpa Bi Mwanawema kikombe cha uji, akakaa naye mpaka akaunywa nusu. Akaniambia, "Toka. Ukiwepo wewe anamkumbuka mwizi wa nguo." Nikatoka, nikakaa kwenye mkeka ukumbini, masikio yanasubiri kelele.

Kelele hazikuja.

Aliyekuja ni Bi Hija, kanga kichwani, macho mekundu. Akapiga magoti akanikumbatia.

"Pole mwanangu. Mungu akupe subira. Umemuuguza mpaka mwisho."

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi niliufungua.

Lakini kuna kitu kikanishuka kutoka mabegani. Nilijisikia mwepesi. Miezi yote ile hakuna aliyeniambia pole, na sasa mtu ananishika kichwa, ananipapasa mgongo.

Nikasema, "Ahsante, Bi Hija."

Akaja wa pili. Wa tatu. Kila mkono nikaushika. Mmoja akasema Mungu amsamehe marehemu, nikaitikia amin. Nikalia, na machozi yale yalikuwa matamu.

Nje nikasikia wanaume wanakaa barazani. Mzee Shaame, mchimba kaburi, akaja na jembe begani kuuliza achimbe wapi. Jeneza likatolewa msikitini, likaegeshwa kwenye mnazi wetu. Mtu mmoja akatumwa shamba kumwita Msellem.

Hapo ndipo nilipotaka kusema kweli. Nikawa sijui pa kuanzia. Kila dakika niliyonyamaza ilizidi kunifunga kinywa.

Mlango wa chumba ukafunguliwa.

Bi Mwanawema akatokea. Kakoga, nywele zimesukwa, kanga mbili kajitanda kama zamani, harufu ya sabuni inamtangulia. Nyuma yake Bi Mwatum na kikombe kitupu cha uji.

Bi Hija akaanguka chali kwenye mapaja ya mwenzake. Nje Mzee Shaame aliliacha jembe hapo hapo na hakulifuata mpaka kesho yake.

Bi Mwanawema akawatazama wale wanawake, mmoja mmoja.

"Nani kafa?" akauliza. "Mbona mie sikuambiwa?"

Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga.

Basi akajivuta pembeni yangu, akakaa mkekani kwa adabu zake, akanishika mkono. Mkono ule ule wenye meno yake.

"Pole mwanangu," akaniambia. "Alikuwa mtu wako?"

Jamani, nimezaa watoto saba, nimezika watatu, nimepita mapinduzi na njaa. Siku nzito kuliko ile sijaiona.

Msellem akafika mbio, kifua wazi, analia kama mtoto. Akamkuta mama yake kakaa kwenye msiba wake mwenyewe. Akamwangukia miguuni. Na mama yake hakumpiga. Akamfuta jasho kwa pindo la kanga.

Aliponyanyuka akauliza, "Nani kasema mama yangu kafa?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyesema, kweli hakuna. Bi Hija, alipozindukana, ndiye aliyejibu.

"Hakusema mtu. Ila mkeo katupokea mikono."

Msellem akanitazama. Hakunipiga, hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akaingia ndani. Heri angenipiga.

Barua aliichana siku ile ile. Meli ya Jumamosi iliondoka bila sisi.

Sikwambii Bi Mwanawema alipona. Hakupona. Jina langu hakulijua tena, na siku mbaya mwiko ulikuwa bado unaruka. Ila Bi Mwatum alikuja siku saba mfululizo kunifundisha. Shuka kwanza, nguo baadaye. Mkono upite chini, macho yatazame ukuta. Mwambie kabla hujamgusa: sasa bega, sasa mguu. Mapajani juu ya shuka umwekee kishada cha karafuu mbichi achambue, ili vidole vyake viwe na kazi yao.

Hakuning'ata tena. Na kinu nikakitwanga kikiwa na kitu ndani.

Mtaalamu tuliyemtafuta mpaka Chake alikuwa akiteka maji kisima kimoja na mie. Sikumfikiria kwa sababu nilikuwa nimeficha. Ukificha mgonjwa wako, unamficha pia na mtu anayejua kumsaidia. Na mgonjwa anayekupiga, kabla hujamuuliza pepo wake, muulize yeye. Sisi alitujibu, tukampuuza.

Aliishi miaka miwili tena.

Lakini siku ile ya mkekani haikumtoka. Alisahau jina la mumewe, alisahau Msellem alizaliwa wapi, ile hakuisahau. Karibu kila nikimkogesha alikuwa anauliza.

"Siku ile watu walijaa. Nani alikufa?"

Nami nikimdanganya. Jirani, mama. Mtu wa mbali, mama.

Alasiri moja, mwaka 1962, wiki chache kabla hajafariki, nilikuwa nampitisha sabuni mgongoni chini ya shuka. Anachambua karafuu zake, mimi natazama ukuta.

"Binti, siku ile. Nani alikufa?"

Sabuni ikaniponyoka.

"Hakufa mtu, mama."

"Hakufa mtu." Akatupa vijiti vya makonyo chini, karafuu akaziacha kiganjani. "Basi wewe ulikuwa unalilia nini?"

Nikamfunika shuka vizuri mabegani. Nikazunguka nikakaa mbele yake anione.

"Nilikuwa nalia kwa raha, mama. Nilitaka uwe umekufa wewe."