Mwanapili Alivyotufundisha Kuchechemea

Maiti hasemwi ila kwa wema, na siku tuliyomzika Mwanapili watu wa Msambweni walilishika neno hilo sawasawa. Walisema alikuwa mwalimu wa watoto. Walisema hapakuwa na msichana wa mtaa wetu aliyekua bila kupita mikononi mwake. Ni kweli tupu, nami ni mmoja wao, na vifundo vya miguu yangu vina alama za fimbo yake ya mpera hadi leo. Basi na mimi niseme nilichokiona, na atakayekasirika na akasirike.

Mwanapili alikuwa mjane asiye na mtoto. Asubuhi alikaanga bajia na kuziuza kando ya barabara kuu. Alasiri, tukitoka chuoni kusoma Kurani, alitukusanya uani kwake, wasichana ishirini, akatufunga njuga miguuni na kutufundisha sengenya. Ngoma hii ni yetu Wadigo, na pale kwetu hakuna aliyeijua kumshinda yeye. Aliyekosea hatua alichapwa kifundoni, palepale penye kosa. Aliyelia alichezeshwa peke yake mpaka anyamaze. Wazazi wetu walilijua hilo na walituleta vilevile, kwa sababu watoto wa Mwanapili walipocheza harusini, watu waliacha kula wakatazama.

Alikuwa na kauli yake moja: sengenya isiyomsengenya mtu ni mchuzi usio chumvi. Kila ngoma aliyoitunga ilikuwa na mtu wake ndani. Aliwahi kutuchezesha mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake, akatuchezesha mwanamke bahili anavyopima unga, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maadamu aliyechezwa si wao.

Mwaka ule wa uhuru, chifu alimwagiza atayarishe ngoma ya watoto kwa sherehe ya Disemba katika uwanja wa skuli. Mwanapili akaona siku yake imefika. Mwezi wa Septemba akatuonyesha hatua mpya: mguu wa kushoto unaburutwa, bega linashuka, mkono unashika paja, kisha mwili wote unanyanyuka kwa ghafla. Hajamaliza hata kuonyesha, nusu yetu tukaangua kicheko. Alikuwa ni Jumwa huyo huyo, hakupungua kitu.

Jumwa aliolewa kwetu kutoka pande za Kinango. Alikuwa Mduruma, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni. Hakuwa akienda harusini wala matangani. Watu walisema ana kiburi; hakuna aliyejiuliza inakuwaje kukatiza ua wenye wanawake hamsini wanaokutazama miguu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sidi, wa miaka minane, naye alikuwa nasi mstarini.

Mwanapili alitupima mmoja mmoja. Sisi wengine tuliikosea hatua ile, tukachapwa. Sidi aliicheza mara ya kwanza bila kosa, na bila kucheka. Mtoto hajui kuwa mamake ni kiwete mpaka aambiwe. Yeye alijua tu kwamba mwendo ule haumpi shida. Mwanapili akamtoa nyuma, akamweka mbele ya wote, na nafasi ile ya mbele ilikuwa yangu.

Sidi alienda kwao mbio. Kumbe mamake alikuwa amemwahidi zamani kwamba siku atakayowekwa mbele, atakuja kumtazama. Mimi nadhani Jumwa aliahidi kwa kuwa hakutarajia mtoto wake awekwe mbele hata siku moja. Tangu hapo Sidi hakuwa na habari nyingine. Mama atakuja. Mama ametoa leso mpya sandukuni. Aliifanyia mazoezi hatua yake njia nzima ya kisimani, ila nyumbani hakuicheza, maana Mwanapili alitukataza kuonyesha ngoma kabla ya siku yake.

Alasiri moja nilikuwa nimeinama nafunga njuga, nikamsikia Boga, mpigaji ngoma wetu, mtu mpole, akiuliza kwa sauti ya chini.

"Bi Mwanapili, mwana mwenyewe hajui?"

"Akijua ataharibu," akasema Mwanapili, akaendelea kutafuna tambuu yake.

Boga akazikaza kamba za ngoma. Nami nilikuwa na miezi miwili ya kumwambia Sidi neno moja. Sikumwambia. Kwanza nilikuwa nikingoja akosee nirudishiwe nafasi yangu. Nilipoona hakosei, nikaanza kuingoja siku yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi, na roho mbaya ya kumtosha mtu mzima.

Siku ilipofika, Jumwa alikuja mapema mno, uwanja ukiwa mtupu, akaketi chini kando ya ukuta na leso yake mpya. Tuliingia Sidi akitangulia. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaenda kwa wanaume, chifu akatoa kitambaa akajifuta machozi. Vichwa vilimgeukia Jumwa, vikarudi kwa mtoto, vikamgeukia tena. Sidi alidhani amewafurahisha, akazidi kuuburuta mguu. Jumwa aliuma pindo la leso yake na hakuondoa macho kwa mwanawe. Watu walipopiga makofi, na yeye akapiga.

Tulipomaliza, Sidi alimkimbilia na kikombe cha bati alichotuzwa.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu."

"Nimecheza vizuri?"

"Hukukosea hata kidogo," akasema Jumwa. "Sasa tangulia na wenzio. Mimi nitakuja."

Alitaka kungoja uwanja uishe watu. Sidi akakataa, alitaka watu wamwone na mamake. Akamvuta mkono, akamvuta, mpaka Jumwa akainuka, wakaanza kwenda.

Sisi tulikuwa nyuma yao, njuga zingali miguuni. Hakuna aliyetuamrisha. Ule mguu tulikuwa tumetiwa kwa fimbo miezi mitatu, na tulipouona unaburutwa mbele yetu, tukaufuata. Wa kwanza nilikuwa mimi. Njuga zililia pamoja, na mtu mmoja akaiwahi ngoma ya Boga akaipiga.

Sidi aligeuka akitabasamu. Akatazama miguu yetu. Kisha akautazama mguu wa mamake, akautazama sana, na akauachia mkono.

Jumwa hakugeuka. Aliuvuka uwanja mzima peke yake, nasi nyuma yake, watu wakicheka upya.

Kesho yake alasiri Sidi hakuja uani. Mwanapili hakumuulizia. Alininyooshea fimbo, akanionyesha pale mbele, nami nikaenda nikasimama.