Mguu wa Dereva wa Teksi

Dereva wa teksi wa mtaa wetu hapa Suva ana gari la haibridi, la petroli na betri, lakini mguu wake bado unaendesha lile gari lake kuukuu la gia za mkono. Katikati ya kila mlima huuondoa kwenye mafuta, mkono wa kushoto ukipapasa gia namba mbili isiyokuwepo. Injini hunyamaza, mwendo hufa, mabasi nyuma yanatupigia honi.

"Mzee, hili halibadilishwi gia!" humwambia.

"Najua. Naliacha lipumue."

Juzi tulimpeleka binti yangu Litia kujifungua. Mlimani dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia mlio mmoja tu, mguu haukuinuka. Litia naye akapiga kelele.

"Pumua, mwanangu," akasema dereva. "Gari litapumua tukifika."