Nyumba ya Turubai Uani kwa Shemeji

Hema nililishona mimi. Naanza na hilo kwa sababu mbele kidogo kuna mtu atakayesema ni lake, na sitaki mtu ababaike. Nililishona katika karakana yangu mtaani Cibitoke, kwa turubai zito la pamba lililobaki kwenye kazi ya vifuniko vya malori, na kila mshono niliupitia mara mbili kisha nikaupaka nta ya mshumaa. Halikuwa kile kibanda cha pembe tatu ambacho mtu anaingia kwa magoti. Lilikuwa na kuta zilizosimama mpaka kifuani, paa la pande mbili, mlango wa kufunga kwa kamba na madirisha mawili yenye wavu wa mbu. Mtu mrefu aliweza kusimama katikati akavaa suruali bila kuinama.

Baba yangu naye alikuwa fundi wa maturubai, bandarini, na kabla ya kunipa sindano alinipa sheria moja: turubai la pamba halikunjwi likiwa na maji. Likilowa, unalingoja. Hata kama una haraka ya kwenda kuzika, unalingoja likauke. Ukilikunja bichi linaoza ndani kwa ndani, na wewe hujui kitu mpaka siku ya kulifungua. Mama aliisikia sheria hiyo miaka yote ya ndoa yake, mpaka akawa anaisema hata juu ya kanga za sandukuni.

Kabla ya vita, mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, tulikuwa tukienda bonde la Rusizi kuwinda kanga na kwale. Bunduki na kibali vilikuwa vyake, hema langu. Turubai lilikaa kwangu Cibitoke, nguzo na vigingi vikakaa kwake, mtaa wa Mutanga Nord, kwa makubaliano kwamba hakuna atakayekwenda kuwinda bila mwenzake. Yeye ana mifupa, mimi nina ngozi, ndivyo tulivyokuwa tukitaniana, na dada yangu alisema hajawahi kuona wanaume wazima wenye wivu namna ile.

Kupiga bunduki shemeji alijua. Kambi hakuijua hata kidogo. Angeachiwa angelala kwenye majani na buti zake miguuni. Mimi ndiye niliyetafuta ardhi yenye mteremko mdogo, mbali na mti mkubwa, maana mti huendelea kukunyeshea hata baada ya mvua kwisha. Mgongo wa hema niliuelekeza upande unakotoka upepo wa ziwa. Nilichimba mfereji wa kina cha kiganja kuzunguka kuta zote, na jioni nikalegeza kamba kidogo, kwa sababu kamba ikilowa hujivuta, na ukiiacha imekazwa itang'oa kigingi au itachana turubai. Ndani nilitandika mikeka, nikapanga magunia yaliyojazwa majani makavu yawe vitanda, na kasha la sabuni likawa meza ya taa. Ndoo ya maji niliiacha juani tangu asubuhi ili anayerudi kuwinda aoge maji ya vuguvugu. Shemeji aliiita hoteli. Alipenda kuwaleta rafiki zake waione, na mimi nilipenda kusifiwa, sitaficha.

Vita vilipokuja bonde likafungwa, kisha mtaa wetu ukaanza kuhama, huyu leo, yule kesho. Mke wangu na watoto nilikuwa nimekwisha kuwavusha mpaka, Uvira kwa wazazi wake. Mama alikataa kuvuka kwa sababu kaburi la baba liko huku. Siku zamu yetu ilipofika, alibeba sanduku lake na mkeka wa kuswalia, mimi nikabeba turubai kichwani. Majirani walikuwa wamebeba sufuria na mahindi, na mmoja aliniuliza kama huko ninakokwenda nitakula kitambaa.

Tulikwenda kwa shemeji. Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo lazima nilieleze. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Hakuna ugomvi ndani yake, ni heshima tu: atakuja kusalimia, atakula, atambeba mjukuu, lakini kulala chini ya paa la mume wa binti yake, akutane naye asubuhi akitoka kuoga, hilo halifanyi. Mama alisimama langoni na sanduku lake.

"Ingia, mama," shemeji alimwambia. "Wakati huu wa vita, mambo ya zamani tuache."

"Apana, mutoto wangu," Mama akasema. "Vita itaisha, na mi nitabaki na haya yangu."

Basi mifupa ikakutana na ngozi. Tulilisimamisha hema uani, nyuma ya jiko la nje, na nikaweka humo yote niliyoyajua. Safari hii nilitengeneza kitanda cha kweli cha miti na kamba, nikakiinua juu kwa sababu Mama alikuwa na pumu na ubaridi wa ardhi ulikuwa adui yake. Nililaza mbao chini ya mikeka. Nilikata dirisha la tatu upande wa kibla, kwa sababu aliniomba. Pazia liligawa upande wangu na wake. Mama aliingia, akagusa ukuta, akakaa kitandani. "Hapa niko kwa mutoto wangu," akasema, na tangu siku hiyo kila asubuhi alifagia mpaka penye vigingi, akaishia hapo. Upande wa pili wa vigingi ni kwa mkwe.

Tulikaa hivyo miezi saba. Mji ulikuwa ukilia risasi, mimi nikienda bandarini kuziba vifuniko vya mashua za mizigo, na Mama akipokea wageni hemani kama mwenye nyumba. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Nilikuwa nikimshukuru shemeji kila siku, kwa maneno. Nilimshonea kifuniko cha gari, nikamshonea viti. Fadhila ya punda ni mateke, lakini punda si lazima awe yule unayemdhania.

Siku moja nilirudi kutoka bandarini nikakuta hema liko chini. Lilikuwa limeangushwa bila kulegezwa kamba, tundu moja la kupitishia kamba limechanika. Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda chake katikati ya ua, juani, amejifunika kanga mpaka machoni, sanduku miguuni. Kitanda hakikusogezwa. Walikuwa wameinua nyumba na kumwacha yeye palepale.

Shemeji alinivuta kando. "Komanda wa jeshi la hapa anataka kuwinda, siku mbili tu," akasema. "Alisikia habari ya hema. Mukubwa akiomba, utamwambia apana? Kesho mi na we tutakuwa wapi?"

"Na Mama?"

"Siku mbili, shemeji. Na we utakuja kulisimamisha. Nani mwingine anajua?"

Nilimwamini. Mwaka ule mwenye sare akiomba kitu, huko hakuitwi kuomba, kila mtu alijua. Nilikwenda ili nililinde hema langu. Mama alihamia jiko la nje, katikati ya magunia ya makaa, na alichosema ni kwamba niende, na lirudi.

Naona aibu kusema kwamba ile ilikuwa kambi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Askari walikuwa wakilinda kipande cha bonde karibu na maji, nami nikapewa watu wa kunichimbia. Kuta zilinyooka. Mlango uliangalia ziwa. Komanda alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyevua viatu kabla ya kukanyaga mikeka yangu, na shemeji hakuwahi kuvivua maisha yake yote.

Siku ya pili, mchana, nilikuwa nyuma ya hema nakaza kamba. Turubai ni ukuta kwa macho, kwa masikio si ukuta. Nilimsikia komanda akiuliza nani aliishona nyumba nzuri hivi.

"Mi mwenyewe, Komanda," shemeji akasema. "Ilikuwa inakaa bure kwangu, inafunika vitu. Siku nyingi nasema, hii nitamupa Komanda. Sikungoja mutu aniombe. Ichukue, ni yako."

Kisha akaulizia, kwa sauti ya chini, nafasi ya ukarani bandarini, na komanda akamjibu kwamba apite ofisini wiki ile.

Vitu. Mama yangu, aliyemlea mke wake, aliyekuwa akimpikia uji wa pilipili manga akishikwa na homa, alikuwa vitu. Hakuna aliyeliomba hema. Yeye ndiye aliyelipeleka, kama mtu anavyopeleka kuku wa zawadi, na kunitia hofu ya komanda ili nikalisimamishe kwa mikono yangu. Nilibaki nimeshika kamba. Nilitaka kuingia nimshike kola. Lakini palikuwa na askari wanane na bunduki zao, na mimi nilikuwa fundi mwenye nyundo ya mbao. Nilikaza kamba, nikaenda kuangalia moto. Hasira ile sijapata kuwa nayo tena. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeishona.

Alfajiri ikanyesha. Asubuhi ikaja amri kwamba tuondoke upesi, bonde halikuwa shwari. Komanda alitangulia. Shemeji, kwa sababu hema sasa lilikuwa zawadi yake, alitaka kulikunja mwenyewe mbele ya askari. Alilivuta, likamwaga maji miguuni pake. Akanigeukia.

"Iko na maji. Hakuna shida?"

Nilimtazama. Niliona turubai limekwenda, halirudi tena, na nikaona siku komanda atakapolifungua mbele ya wageni wake, na aibu itakayompata huyu bwana aliyelishona mwenyewe.

"Hakuna shida," nikasema. Nikamsaidia kukaza mafundo.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba komanda amelichukua. Sikumwambia nani alilitoa. Ndoa ya dada yangu ilitegemea ulimi wangu, nikayameza maneno. Shemeji alipata kazi yake bandarini, tukawa tunaondoka pamoja asubuhi, yeye na kalamu mfukoni, mimi na sindano. Nilimjibu salamu. Nilikula chakula chake. Mama alikaa jikoni wiki tano, akikohoa moshi na vumbi la makaa, na kila nilipomsikia nilijifariji na siku ile ya komanda kulifungua hema. Ndiyo ilikuwa dawa yangu. Kwa kifua chake haikufanya kitu.

Halafu gari la jeshi likasimama langoni. Dereva alishusha furushi langu, na fundo langu juu yake, vilevile nilivyolifunga.

"Komanda alisikia jana kama kuna mama muzee alikuwa analala ndani," akasema. "Anasema hawezi kulala kwa nyumba ya mama ya mutu. Toka siku ile iko kwa stoo, hakuna mutu alifungua. Anaomba musamaha."

Mama alikuwa amekwisha kutoka jikoni. Alikuwa akicheka. Alianza kufagia mahali pale pa zamani, akaishia penye mashimo ya vigingi, na akamwambia dada yangu walete kitanda. Mimi nilisimama. Nilisema labda tulifungue kesho.

Shemeji ndiye aliyekata kamba. Harufu ilitoka kabla ya turubai kufunguka. Ndani lilikuwa jeusi, madoa juu ya madoa, na pale lilipokuwa limekunjwa limegandana. Mama aliinama, akashika pindo kwa vidole viwili, akavuta. Likachanika mpaka kwenye mshono, bila sauti kubwa. Mishono yangu tu ndiyo iliyokuwa bado imeshika.

"Nani alikunja hii na maji?"

"Ni mi, mama," shemeji akasema. Kisha akanyoosha mkono kunielekeza. "Lakini nilimuuliza. Alisema hakuna shida."

Katika mambo yote aliyoyasema tangu siku ile ya kwanza, hilo pekee lilikuwa la kweli. Ningeweza kumwambia Mama yote hapo hapo, zawadi, vitu, kazi ya bandarini. Nilifungua mdomo na nikaona jinsi litakavyosikika, mtu mzima anayejitetea. Mama hakumtazama mkwewe hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi, mtoto wa fundi.

"Ulisema?"

"Nilisema, Mama."

Akafuta vidole kwenye kanga. Hakuniuliza kwa nini. Alikwenda jikoni akachukua sanduku lake na mkeka, akashusha kanga usoni, akapita kati yetu. Mlangoni kwa mkwewe alisimama muda mfupi, akavua kandambili zake akaziweka pembeni, mbali na viatu vya mwanamume. Shemeji alimshikilia pazia kwa adabu kubwa.

"Karibu, mama," akasema.

Mama akaingia.