Kichwa cha Gia cha Marehemu

Nyinyi vijana mnaosoma hii, chekeni, lakini mjue mimi bado sijacheka.

Marehemu mume wangu alibeba samaki wa ufuo wa Sori kwa pikapu miaka mingi. Pikapu ilipouzwa skrepa, nilibaki na kichwa cha gia tu, kimelainishwa na kiganja chake. Mwanangu Ochieng' aliponunua gari otomatiki, nikasema baba yake lazima apande. Ochieng' akiwa kanisani, nikafungua kichwa cha gia cha gari lake kwa bisibisi, nikakaza cha mzee kwa raba.

Kesho yake mke wa Ochieng', Akinyi, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Gari likawaka, gia ikakataa kusonga.

"Wewe ni dereva ama abiria?" nikamgombeza Ochieng'.

"Mama, kitufe cha kubonyeza ndio gia itoke kiko wapi?"

Nikatoa mfukoni kile kichwa cha gia cha gari lake. Kitufe kilikuwa hapo.

Akinyi akapandishwa bodaboda, ameuma leso. "Mama, mwambie Mzee basi aje asukume!"

Mtoto alizaliwa mzima, lakini ile leso bado naiona. Jioni nikaamuru nyumba yote: "Mkiniona na bisibisi karibu na gari, ninyang'anyeni, hata nikiwatukana."